Gitaa la Babu na nobu ya redio ya Bibi

*Kikundi: Familia ya Chumbageni 🌴*

Jumamosi

Juma Dar: Assalaam alaykum wanafamilia. Shikamooni wakubwa. Lile gitaa la Babu lililokuja na mizigo ya Tanga nimelitoa kwenye gunia. Kaeni chini kwanza. Ni GIBSON LES PAUL.

Juma Dar: [Picha 4]

Juma Dar: Nimeangalia bei mtandaoni. La miaka ya sabini linanunua kiwanja Chanika na chenji inabaki.

Mwanaidi: Uwiii! Kiwanja!!

Shangazi Mombasa: Waalaykum salaam, marahaba. Kiwanja cha nani? Gitaa ni la baba yangu mimi.

Mwanaidi: Yameanza 😂

Baba Mdogo: Marahaba Juma. Hiyo Gibson umeisoma wapi? Kwenye picha naona kichwa kitupu.

Juma Dar: Jina limebanduka baba mdogo, ila umbo ndilo lenyewe. Kichwani juu kuna kile kibonde, kama kitabu kimefunguliwa. Gibson hiyo.

Baba Mdogo: Ligeuze. Nipigie picha mgongoni, shingo inapokutana na mwili.

Juma Dar: [Picha]

Baba Mdogo: Unaiona sahani ya chuma yenye skrubu nne? Shingo ya Les Paul ya Gibson imeshikwa kwa gundi, haina sahani wala skrubu. Hapo pameandikwa nini?

Juma Dar: Pana kutu, ngoja nifute.

Juma Dar: STEEL ADJUSTABLE NECK. Chini yake... JAPAN 😐

Mwanaidi: Kiwanja kimekwenda na maji 😂😂

Baba Mdogo: Sasa ligonge kwa kucha hapo juu, kati ya daraja linalobeba nyuzi na pikapu, vile visanduku vya sumaku vinavyonasa sauti. Halafu gonga pembeni.

Juma Dar: Katikati linalia ko ko ko kama mlango wa kabati. Pembeni limejaa.

Baba Mdogo: Basi. Huo uso wa juu ni plaiwudi iliyokandamizwa ikabinuka, chini yake pana uwazi. Gibson huweka kipande cha mti mgumu juu ya mkangazi, hakuna uwazi hapo. Kopi nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya sabini ndivyo zilivyo.

Shangazi Mombasa: Ina maana baba aliuziwa feki? Alilinunua kwa baharia hapa Kilindini, mimi niko darasa la pili. Mwezi mzima hatukuonja nyama!

Baba Mdogo: Dada, feki ni ile inayojiita jina la mwenzake. Hizi kila moja ilikuwa na jina lake. Kiwanda kimoja kinatoa gitaa lilelile, likienda Marekani linaitwa Ibanez, likishuka Uingereza linaitwa Antoria. Jina analichagua mwagizaji. Kama zile kanga za zamani: zimechapwa Japani, jina pale pindoni la tajiri wa Mombasa. Ulizivaa ukaziita feki?

Shangazi Mombasa: Aa, zile kanga zilikuwa nzito bwana. Hazichuji. Ninayo moja mpaka leo.

Baba Mdogo: Haya. Basi baba naye alikuwa na yake.

Juma Dar: Baba mdogo, kuna watu wanaziita "gitaa za kesi". Wanasema Gibson waliwashtaki Wajapani, ndiyo maana zina bei.

Baba Mdogo: Kesi ilikuwepo, ila wauzaji wameigeuza chumvi, kila chungu wanatia. Ilifunguliwa 1977 kule Philadelphia na Norlin, kampuni iliyokuwa inaimiliki Gibson. Mshtakiwa ni Elger, ndio waliokuwa wakiuza Ibanez Marekani. Ugomvi ni umbo la kichwa, hicho kibonde chako. Na wenyewe Ibanez walishaanza kubadilisha kichwa. Wakamalizana nje ya mahakama. Leo kila gitaa la Kijapani lenye vumbi linaitwa la kesi.

Juma Dar: Kwa hiyo hili ni Ibanez?

Baba Mdogo: Sijasema hivyo. Ibanez za kuanzia mwishoni mwa 1975 zina namba: herufi ya mwezi, A Januari mpaka L Desemba, kisha mwaka. F76 ni Juni 1976. La baba halina namba popote, na sahani kama hiyo ilifungwa na viwanda zaidi ya kimoja. Mji wa Matsumoto peke yake ulikuwa na FujiGen na Matsumoku. Hao Matsumoku walianza na makabati ya cherehani, dada.

Shangazi Mombasa: Ndiyo maana lilikuwa zito kama cherehani.

Juma Dar: Kitu kingine. Nobu ziko nne. Tatu rangi ya dhahabu, ya nne nyeusi ina mstari mweupe. Hii si ya gitaa.

Baba Mdogo: Lahaula. Hiyo bado ipo?

Mwanaidi: Bibi yuko hapa pembeni yangu, nimemwonyesha picha. Ngojeni.

Mwanaidi: [Ujumbe wa sauti 1:12]

Mwanaidi: Kwa msiofungua: Bibi anasema hiyo ni nobu ya sauti ya redio yake. Ilipotea usiku wa kuamkia harusi moja ya Ngamiani. Babu aliapa hajaiona. Tangu hapo Bibi anaongeza sauti kwa koleo 🤣

Juma Dar: 💀💀

Baba Mdogo: Usicheke, hiyo nobu ni shahidi. Ivue, uhesabu meno kwenye shina.

Juma Dar: 18.

Baba Mdogo: Volumu za Kimarekani zina meno 24 na shina nene zaidi, milimita 6 na ushee. Hiyo ni 6 kamili. Redio ya mama ilikuwa ya Kijapani, ndiyo maana nobu yake ilikaa bila ugomvi. Ukinunua nobu za Gibson zitacheza humo kama kiatu cha kuazima.

Jumapili

Juma Dar: Wakubwa, kuna fundi Gerezani atalipiga msasa na kulipulizia nyeusi mpya. Elfu hamsini tu.

Baba Mdogo: USIGUSE MSASA.

Baba Mdogo: Juu ya nyuzi, upande wa kifua, pana sehemu imechujuka mpaka mti unaonekana?

Juma Dar: Ndiyo. Kama kiganja cha mtoto.

Baba Mdogo: Hapo ndipo mkono wa baba ulipokuwa unalala. Alikuwa rizimu, gitaa la kushikilia mdundo, mkono hautulii usiku kucha. Hakupiga Atomic wala Jamhuri, zile bendi kubwa za Tanga, bendi yao ilikuwa ya harusi tu, ila harusi za Tanga unazijua haziishi. Futa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kisha kikavu. Rangi ibaki.

Shangazi Mombasa: Juma ukilipuliza rangi nakuja Dar kwa miguu.

Juma Dar: Sawa shangazi 🙏 Nimefungua nyuma. Kumbe Babu aliweka karatasi za fedha humu ndani, kagandisha kuta zote.

Juma Dar: [Picha]

Baba Mdogo: Ni za pakiti za sigara. Hizo zikiungwa na waya wa athi, yaani wa ardhi, zinapunguza ule mlio wa zzzzz. Hodari mzee. Kagua kama waya wa athi bado umeshika.

Shangazi Mombasa: Sigara? Baba hakuvuta sigara.

Mwanaidi: Bibi anacheka tu, hasemi kitu.

Shangazi Mombasa: Mama!!

Juma Dar: Athi imekatika. Na pikapu: ya shingoni mita inasoma kilo-omu 7.4, ya darajani haisomi kabisa.

Baba Mdogo: Usikimbilie kuisuka upya. Waya wa koili mwembamba kuliko unywele, mara nyingi unakatikia mwanzoni, unapoungana na kebo. Una ile darubini ya kutengenezea simu. Tazama hapo.

Juma Dar: Nimeiona!! Imeachia kwenye nukta ya solda tu. Na baba mdogo, ndani ya boksi la koili mbili iko koili moja 😅

Baba Mdogo: Hiyo nayo kawaida yao. Ndiyo iliyompa baba ile sauti kali, ya kukata. Gusa kwa solda upesi na uondoke, ukikawia plastiki inayeyuka.

Jumatano

Juma Dar: Ripoti ya fundi. Pikapu zote zinasoma. Volumu nimepulizia dawa, hazikwaruzi tena. Freti, vile vyuma vya kukatiza shingoni, nimesugua kwa sufi ya chuma, pikapu nimezifunika kwa selotepu maana ule unga unakimbilia sumaku. Kile kipande cha plastiki cha kichwani chenye mifereji ya nyuzi kimepasuka, nimechonga cha mfupa wa ng'ombe.

Mwanaidi: Nyumba inanukaje?

Juma Dar: Wifi yenu haongei na mimi.

Baba Mdogo: Shingo je? Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, utazame nafasi iliyobaki katikati.

Juma Dar: Mwanzo ilikuwa inapita sarafu. Nimekaza nati ya kile chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, nikaiacha ilale, asubuhi robo nyingine. Sasa inapita karatasi ya bahasha.

Baba Mdogo: Ishia hapo. Chuma kina miaka hamsini hicho.

Juma Dar: [Ujumbe wa sauti 0:38]

Shangazi Mombasa: Hiyo ni sauti yake. Ile kavu. Nimesimama jikoni hapa na mwiko mkononi.

Baba Mdogo: Uzi wa tatu uko juu kidogo. Kisogeze nyuma kipande chake kwenye daraja mpaka freti ya 12 iseme sawa na uzi ukiguswa tu hapohapo. Vinginevyo safi, kijana.

Mwanaidi: Bibi kasikiliza mara tatu. Sasa anauliza, gitaa limeshapona?

Juma Dar: Limepona Bibi. Shikamoo.

Mwanaidi: Marahaba anasema. Basi nobu yake irudi.

Juma Dar: 😂 Kariakoo nampatia mpya, hata kumi.

Mwanaidi: Hataki mpya. Redio bado iko juu ya kabati, na koleo lake.

Juma Dar: Haya, naituma na basi la kesho asubuhi.

Baba Mdogo: Kwenye bahasha, na namba ya dereva utume humu. Usiitie mfuko wa shati, nakujua.