Riwaya za taharuki kwa mabinti wa miaka 16 hadi 19: tuanze na ipi?

DadaSakina (Arusha)

Habari za jioni wapenzi wa vitabu. Naongoza kikundi cha kusoma hapa Sakina. Wengi ni mabinti waliomaliza kidato cha nne, wanasubiri matokeo, na wachache wapo chuo. Wameomba wenyewe riwaya za taharuki, zile zinazoingia kichwani mwa mhusika, na mada waliyoichagua ni mapenzi yanayomtesa mtu na majeraha yanayobaki baada yake. Sikuwauliza sababu. Anayeishi na mabinti wa umri huu anaijua.

Nimepata nne, hadithi zote zinatokea Marekani, kwa Kiingereza:

*We Were Liars* ya E. Lockhart (2014). Cadence anatoka kwenye ukoo tajiri wenye kisiwa chao karibu na Massachusetts. Alipata ajali huko akiwa na miaka 15, hakumbuki kilichotokea, na akiuliza watu wanabadilisha mazungumzo. Sentensi fupifupi, inasomeka haraka.

*Sadie* ya Courtney Summers (2018). Binti anamsaka mwanaume anayeamini ndiye aliyemuua mdogo wake wa miaka 13. Sura nyingine anasimulia yeye, nyingine ni podikasti ya mtangazaji anayemtafuta.

*Grown* ya Tiffany D. Jackson (2020). Enchanted ana miaka 17 na sauti nzuri, anaonwa na mwanamuziki nyota wa miaka 28. Kitabu kinapoanza binti amezinduka, damu imetapakaa, mwanaume amekufa.

*Speak* ya Laurie Halse Anderson (1999). Hakuna mauaji. Melinda anaanza sekondari akiwa ametengwa na kila mtu kwa sababu aliita polisi kwenye sherehe, na hajamwambia yeyote kwa nini aliwaita.

Moyo wangu uko kwa *Grown*, ila ni nzito na nina mabinti wawili ambao nahisi wamepitia kitu. Mngekuwa ninyi mngeanza na ipi?

MsomajiKibosho

Dada, mimi nakutetea *We Were Liars*. Watu wanaisifia kwa ule mwisho wake tu, wanapita bila kuliona jambo kubwa zaidi. Yule babu ana mabinti watatu na anawachonganisha kwa urithi. Leo anamdokezea huyu nyumba, kesho anamtisha yule kwamba atabaki mikono mitupu. Mama zao nao wanawatuma watoto: nenda kakae na babu, mwambie hivi, umkumbushe vile.

Niambieni kama hilo ni la Massachusetts peke yake. Huku kwetu mlimani Desemba watu wakirudi nyumbani, mtori haujaiva jikoni mambo ya kihamba, lile shamba la ukoo, yameshaanza sebuleni. Nimekua nikiona wajukuu wakitumwa kwa babu kama mawakili wa wazazi wao. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa, lakini wale watoto mpaka leo hawapatani, na wengine hawakanyagi nyumbani.

Tukisema mahusiano yenye sumu, kila mtu anawaza mpenzi. Mabinti wako wakisoma hii wataona kwamba sumu inaweza kunywewa kwa babu, huku wote mmevaa vizuri na mnapiga picha ya familia.

MshauriMajengo (Moshi)

Naungana na Kibosho kuhusu ukoo. Kuhusu suala la kumbukumbu nina neno, maana nafanya kazi ya ushauri nasaha na vijana.

Riwaya za aina hii zinapenda sana mhusika aliyesahau kila kitu. Kwa taharuki inafaa, msomaji anatafuta pamoja naye. Lakini binti aliyeumizwa akisoma hizo tu anaweza kudhani kwamba kama anakumbuka, basi hakuumia sana. Wengi ninaokaa nao hawajasahau. Shida yao ni kwamba jambo linarudi bila kuitwa: harufu fulani, sauti ya mlango, wimbo kwenye daladala, na mwili unashtuka kabla akili haijajua sababu. Vipande vinakuja bila mpangilio, ndiyo maana akihojiwa anaeleza la mwisho kwanza, na watu wanasema anadanganya. Wengine wakati wa tukio waliganda, hawakupiga kelele wala kukimbia. Wanajilaumu kwa hilo miaka na miaka, wakati kuganda ni namna mojawapo ya mwili kuikabili hofu kuu. Hawakukuchagua.

Kwa hiyo chaguo langu la kuanzia ni *Speak*. Melinda anatafuna midomo mpaka inachubuka. Maneno yanamkwama kooni. Anajificha kwenye chumba cha mfanya usafi cha pale shuleni. Aliyemtendea hamtaji kwa jina kwa kurasa nyingi, na akimwona kwenye korido anakuwa tena yule wa usiku ule. Mwalimu wa sanaa anampa mada moja ya mwaka mzima, mti, naye anachora miti iliyokufa mpaka siku anapoweza kuchora mwingine. Hapo ndipo mwandishi alipofanya kazi kubwa. Hakuna siri ya kumshangaza msomaji. Mapema tu unaanza kuhisi nini kilitokea. Kinachokushika roho ni kama atasema au hatasema.

Na kwa wale wawili unaowahisi, dada, usiwaulize mbele za watu. Soma nao tu. Mwanzoni kabisa waambie wote kwamba anayetaka kutoka nje atoke, haulizwi.

binti_Ngarenaro

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 19, naomba niseme kama mlengwa.

*Speak* nimeipenda ila katikati inaenda polepole, na rafiki zangu wangeiacha. *Grown* nilikesha nayo kwenye simu. Na kilichonitisha si ile damu ya mwanzo. Ni jinsi yule kaka alivyo mzuri kwenye sura za mwanzo! Anamsikiliza. Anamwambia yeye si kama wasichana wengine, ana akili ya mtu mzima. Wazazi wanakubali aende kwenye ziara ya muziki. Halafu kidogo kidogo nguo anachaguliwa, wazazi hawafikii, simu haiko mikononi mwake, kuna kinywaji anapewa na siku zinampotea. Huwezi kuweka kidole ukasema "hapa ndipo alipotakiwa kukimbia", kwa sababu kila hatua ni ndogo mno.

Hapa mtaani binti akiwa na mtu mzima mwenye gari tunasema amepata. Akianza kulia tunasema kajitakia. Ni watu walewale tunaosema yote mawili. Kile kitabu kinalisema hilo kupitia watu wa mitandaoni wanaomshambulia Enchanted, na mimi nilisoma nikiwa na hasira kweli, maana niliwatambua.

Dada, msitunyime *Grown* kwa kuogopa kwamba ni nzito. Mambo yenyewe tunayaona kila siku.

MshauriMajengo (Moshi)

Mdogo wangu, marahaba, na umesema kitu cha maana. Niongeze tu kwamba kwa sheria yetu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata awe mrefu na ana sauti ya dhahabu. Ile "una akili ya mtu mzima" ni maneno ambayo mtu mzima mwenye nia njema hana sababu ya kumwambia mtoto usiku kwenye simu. Kwenye mjadala wa *Grown* anzeni na sentensi hiyo.

MwalimuPasua (Moshi)

Wanangu, mbona mnaruka bahari wakati nyumbani tunayo? *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971. Rosa wa Ukerewe anapokea barua ya mvulana, baba yake mlevi, Zakaria, anamwadhibu kwa kipigo cha kutisha. Baada ya hapo anawaogopa wanaume wote, na alipofika chuoni, mbali na mkono wa baba, ile hofu ikageuka kitu kingine kabisa. Kezilahabi alionyesha jinsi kipigo kimoja kinavyotembea na mtu miaka yote. Kitabu kiliwahi kuzuiwa mashuleni, wakasema kinaharibu vijana. Mimi nimekifundisha kwa watu wazima na nimeona kina mama wakifunga kitabu kwanza, wapumue, ndipo waendelee.

Sisemi kwamba ni taharuki ya kutafuta muuaji. Lakini hofu yake unaijua kwa jina: fimbo, kanisa, barua, bwalo la shule. Na ni Kiswahili. Binti anayesoma jambo la aibu kwa Kiingereza anaweza kulijadili kama la watu wengine, hata akacheka. Kwa Kiswahili haponi.

Tahadhari moja nzito: mwisho wake unahusu kujiua. Usimpe binti akasome peke yake usiku. Someni sura za mwisho pamoja, mchana, na pawe na mtu kama Mshauri hapo karibu.

Kijenge_Vitabu (Arusha)

Nashangaa *Sadie* imeachwa njiani. Ilipata tuzo ya Edgar, ile ya Marekani ya vitabu vya upelelezi, 2019 kwa riwaya za vijana, na kwa haki.

Mtangazaji siku zote yuko nyuma. Anafika kwenye nyumba ya kulala wageni, Sadie ameshaondoka. Anahoji watu, kila mmoja anakumbuka binti tofauti. Sisi wasomaji ndio tunaojua ukweli wote, na hatuwezi kumwambia. Sijakutana na taharuki iliyojengwa vizuri hivyo. Sadie ana kigugumizi, watu wanamaliza maneno yake au wanaondoka kabla hajamaliza. Tena mwandishi amekuwa na adabu: ukatili dhidi ya watoto haonyeshi, unaishia mlangoni, lakini unajua.

Ninachopingana nacho ni wazo la Kibosho kuwapa mabinti kitabu ambacho nguvu yake kubwa ni mwisho wa kushtukiza. Ukishaujua, nusu ya uchungu umekwisha, unabaki kusifia ufundi. *Sadie* haikupi hiyo raha. Mwisho wake umeachwa wazi na wengi wanaukasirikia.

MsomajiKibosho

Kijenge, mimi nimeirudia *We Were Liars* nikiwa naujua mwisho, na uchungu ulikuwa mkubwa zaidi, kwa sababu safari hii nilikuwa namtazama babu. Ila kwa *Sadie* umenishawishi niitafute.

DadaSakina (Arusha)

Asanteni sana. Mwalimu shikamoo, na maneno yako yamenikaa.

Nitaanza na *Speak*. Binti wa Ngarenaro, ule upole wa katikati tutauvuka kwa kusoma kwa sauti kwa zamu. Inayofuata ni *Grown*, na mjadala wa kwanza utakuwa ile sentensi aliyoitaja Mshauri. *Rosa Mistika* ni ya tatu, na ningefurahi Mwalimu ukipanda basi uje siku ya sura za mwisho. *We Were Liars* na *Sadie* nitaziacha kwenye kapu, anayetaka aazime.

Mshauri, nahitaji kitu cha kuwapa mkononi siku ya kwanza. Nimeandika namba 116 ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kuna lingine?

MshauriMajengo (Moshi)

Ongeza ustawi wa jamii wa halmashauri, na hospitali. Aliyefanyiwa ukatili wa kingono awahi hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake. Waandikie kwa herufi kubwa, wapate wote, hata wasiohitaji, ili anayehitaji asijulikane.

Kijenge_Vitabu (Arusha)

Dada, nakala yangu ya *Speak* ni ya mtumba, jalada limechanika lakini kurasa zimetimia. Nitaipitisha Jumamosi asubuhi. Mnakutana saa ngapi?