Cherehani ya kushonea mifarishi ya viraka nyumbani: nyeusi ya miguu, ndogo ya umeme au ya kiwandani?

MamaViraka, Tabata

Wadau, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Nina magunia mawili ya vipande vya vitenge. Mdogo wangu ana ofisi ya ushonaji, mabaki yote ananiletea mimi. Mwaka jana nilianza kuviunga kwa mkono nikapata mfarishi wa kitanda cha mtoto, watu wakaupenda. Sasa wifi yangu anataka wa kitanda cha tano kwa sita. Kwa mkono nitamaliza wajukuu zake wakiwa wameshaolewa.

Kwa asiyeujua, mfarishi huu una matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba au blanketi jepesi, chini kitambaa kizima. Halafu unashona kupita yote matatu yasihame. Hapo ndipo cherehani ya jirani iliponishinda. Tabaka la juu linasukumwa mbele, la chini linavutwa kivyake, ukifika mwisho kitu kimekunjana kama mkeka uliolowa.

Nimezunguka Kariakoo nimerudi na chaguo tatu kichwani: Butterfly nyeusi na meza yake ya miguu, Singer Heavy Duty 4423, au ya kiwandani ya mtumba yenye mota kubwa. Kuna muuzaji amenishikia bango nichukue ya kompyuta yenye mishono mia na kitu. Ninaposhonea ni sebuleni, watoto wawili, na umeme wa kwetu mnaujua. Naomba kuwasilisha.

MotaKubwa

Ya kiwandani. Usipoteze muda na vitu vya plastiki. Inapiga jinsi, inapiga turubai, mfarishi ni nini?

FundiMzee, Ilala

Dada yangu, kwanza yule wa mishono mia mwache aende. Kwenye viraka utatumia mshono ulionyooka na, ukipenda, zigizaga ya kubandikia maua. Basi. Hiyo tisini na kitu iliyobaki utaipiga siku ya kwanza kuwaonyesha wageni.

Mimi nimekanyaga nyeusi miaka mingi. Butterfly hizi ni mfano wa Singer ya zamani ya darasa la 15, kwa hiyo sindano ni ile ile ya nyumbani yenye ubavu bapa, bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ni ile ile, na spea zimejaa Kariakoo hata kwa fundi anayekaa barazani. Ni chuma kitupu. Umeme ukikatika wewe unaendelea. Na kwa mfarishi ina jambo moja ambalo watu hawalisemi: mwendo uko mguuni mwako. Ukifika pale viraka vinne vinapokutana, pana mafundo ya nguo, unakanyaga taratibu tone kwa tone, sindano inapita bila kukatika. Zile za umeme za bei ya chini ukigusa pedeli tu, inaruka.

Ila usidanganyike kuwa ni rahisi. Wiki ya kwanza utaanza kwa kuzungusha gurudumu upande usiofaa, uzi utakatika, utalia. Gurudumu huja upande wako, siku zote. Na haina zigizaga.

Chumvi_Kigamboni

Naunga mkono Fundi, na naongeza la sisi wa pwani: kutu. Yangu niliiacha bila kuifunika msimu mmoja wa masika, nikaikuta sahani ya chini ya sindano imeota madoa ya kahawia, na mfarishi mweupe ukaondoka nayo. Tia mafuta ya cherehani, yale meupe mepesi, kila ukimaliza kazi kubwa, kisha shona kwenye kitambaa kibovu mpaka yasidondoke. Msitie mafuta ya kula jamani. Yanaganda kama gundi, halafu unamwita fundi unasema cherehani imekuwa nzito.

Pamba ya katikati nayo hutoa vumbi la nyuzi, si mchezo. Fungua sahani uone meno yanayovuta kitambaa yalivyojaa. Mimi nasafisha na mswaki wa zamani kila bobini ya tatu au ya nne.

Nuru_Sinza

MamaViraka, mimi ninayo hiyo 4423, mwaka wa tatu huu. Nakupa mazuri na mabaya.

Mazuri: ina mishono 23, inatosha na kubaki. Ndani ina fremu ya chuma. Meno yanashuka kwa kitufe, kwa hiyo unaweza kushona kwa kuzungusha kitambaa mwenyewe kwa mikono, ukachora mawimbi, maua, chochote. Naibeba peke yangu, ikiisha kazi inaingia kabatini. Kwa mtu wa sebuleni hilo si dogo.

Mabaya: inakimbia. Kiwandani wameipa mishono 1,100 kwa dakika, na kwa anayeanza hiyo ni bodaboda bila breki. La pili, na hili ndilo la kuangalia kuliko yote, ni nafasi chini ya mkono wa cherehani, kutoka sindano mpaka kwenye shina. Yangu ni kama inchi 6 na robo. Piga hesabu: kitanda cha tano kwa sita ni inchi 60 upana, ongeza 10 za kuning'inia kila upande unapata 80. Ukishona mstari wa katikati, inchi 40 za mfarishi wenye pamba lazima ziviringishwe zipite kwenye hicho kitundu. Nilitoka jasho kama nasukuma godoro mlangoni.

Dawa yake niliipata baadaye. Usishone mfarishi mzima kwa pamoja. Tengeneza mraba mmoja mmoja, kila mmoja na matabaka yake matatu, umalize kuushona kabisa, ndipo uunge miraba. Cherehani yoyote inaweza.

MotaKubwa

Si ndiyo nilisema, ya kiwandani ina nafasi kubwa chini ya mkono. Hamtaki kusikia.

FundiMzee, Ilala

Kijana, nafasi inayo, hatubishi. Lakini mwambie na mengine. Meza yake ni futi nne, kichwa kimekaa juu ya bakuli la mafuta, haihami hiyo. Mashine kama Juki DDL-8700 imetengenezwa kufika mishono 5,500 kwa dakika, kazi yake ni kushona kola za mashati kutwa nzima. Meno yake hayashuki, kwa hiyo kuzungusha kitambaa uchore maua sahau, labda uichokonoe. Sindano zake ni za shina la duara, haziingiliani na za nyumbani. Na za mtumba nyingi zina mota ya klachi: ukishawasha inazunguka na kuunguruma muda wote hata hujakanyaga, umeme wa LUKU unakwenda na mtoto halali. Ukiitaka kweli, sharti uweke mota ya servo, inayozunguka pale tu unapokanyaga.

Kwa mistari iliyonyooka, na chumba chako mwenyewe, ni mashine nzuri sana. Dada kasema sebuleni.

MotaKubwa

Sawa mzee, hapo kwenye LUKU umenishika.

Shangazi_Mbagala

Naomba niseme la kwangu maana sikutaka mtu mwingine aliwe. Mpwa wangu alinitumia cherehani nzuri kutoka Marekani, ya kompyuta, na meza yake ya kupanulia, imekuja ndani ya boksi kama maharusi. Nikachomeka kwa adapta. Taa ikawaka kwa nguvu, pakatoka harufu, kimya. Kule umeme wao ni volti 120, sisi 230. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haishushi volti.

Kwa hiyo mkipewa ya Marekani, au ya mtumba kutoka Japani ambako ni volti 100, geuzeni chini msome kibati kabla ya kuchomeka popote. Kama haikuandikwa 220 hadi 240, lazima transfoma ya kushusha, na iwe na uwezo unaozidi wa cherehani. Msije mkafikiri kubadilisha pedeli peke yake kutasaidia. Niliambiwa hivyo, nikanunua pedeli, imekula kwangu mara ya pili.

Nuru_Sinza

Pole Shangazi. Ndiyo maana mimi za kompyuta naziogopa hata za volti zetu. Umeme ukipanda na kushuka, kibao cha ndani kikifa, fundi wa mtaani anakuangalia tu. Mwenye nayo aweke stabilaiza.

Kwa mwenye hela ya kutosha, ndoto yangu ni Juki TL-2010Q. Inashona mshono ulionyooka tu, haina pambo lolote, lakini nafasi chini ya mkono ni kama inchi 8 na nusu, meno yanashuka, na inakwenda hadi mishono 1,500 kwa dakika. Imetengenezwa kwa kazi hizi hasa. Hata hiyo uliza kwanza ni ya volti ngapi.

MamaViraka, Tabata

Jamani asanteni, mmenifungua macho. Swali: ile shida ya tabaka la juu kukimbia, inatibiwa na cherehani au na nini?

Chumvi_Kigamboni

Si cherehani bibie, ni mguu, kile kichuma kinachokalia nguo pale kwenye sindano. Mguu wa kawaida unakandamiza, meno ya chini ndiyo yanayovuta, kwa hiyo la chini linakwenda na la juu linasuguliwa. Kuna mguu unaotembea, mkubwa, mbaya wa sura, una mkono unaokaa juu ya skrubu ya sindano. Wenyewe una meno yake, unavuta tabaka la juu sambamba na la chini. Butterfly na 4423 zote ni za shina fupi, yaani pale mguu unapofungwa, kwa hiyo mguu wa aina moja unaweza kukaa kwenye zote mbili.

Kabla ya hapo bana matabaka kwa pini za kufunga, kila upana wa kiganja, ukianzia katikati kwenda nje. Vitenge vifue kwanza, ule wanga wa dukani utoke na rangi inayochuja ichuje kwenye beseni. Nyekundu hasa.

Na pamba usinunue nene, hii ni Dar. Mimi katikati naweka flaneli au khanga kuukuu mbili. Nani atajifunika godoro mwezi wa Februari?

FundiMzee, Ilala

Nyongeza kwa ile nyeusi: nyuma ya kichwa unaweza kufungiwa mota ndogo. Umeme ukiwepo unatumia pedeli, ukikatika unarudisha mkanda wa ngozi unakanyaga. Na kama ya kwako meno hayashuki, bandika kadi ngumu yenye tundu la sindano juu ya sahani, urefu wa mshono weka sifuri. Unazungusha kitambaa vizuri tu.

Ukienda dukani, nenda na nguo yako mwenyewe.

MamaViraka, Tabata

Mrejesho. Jumamosi nilikwenda na sampuli kwenye mfuko: mraba wa inchi 12, viraka tisa juu, blanketi jepesi la mtumba katikati, khanga chini. Fundi, umenisaidia kuliko ulivyofikiri. Kila duka wana kitambaa chao cha kujaribia, amerikani iliyopigwa wanga mpaka inasimama yenyewe. Juu ya hicho kila cherehani inashona kama malaika. Nilipotoa mraba wangu, muuzaji wa kwanza akauangalia kama nimetoa samaki. "Mama, hii ni ya kushonea nguo."

Duka la pili kijana alikuwa na subira. Kwenye maungio mashine ikaruka mishono mitatu minne, nikajua ndiyo basi. Kijana akafungua skrubu, akatoa sindano namba 11, nyembamba, akaweka 16, nene, akarudia pale pale. Ikapita. Yaani ningeondoka nikisema mashine mbovu, kumbe sindano. Tukajaribu na 14, nayo ikapita, na tundu lake likawa dogo zaidi kwenye kitenge. Nimekaa na 14.

Nikapima chini ya mkono kwa futi yangu, Butterfly ilikuwa na nafasi zaidi kidogo ya ile 4423. Nimechukua Butterfly na mota ya nyuma. Imefika nyumbani kwa guta, meza imekaa chini ya dirisha, mwanangu mdogo keshaligeuza kanyagio kuwa bembea.

Mguu unaotembea nimezunguka maduka manne sijaupata, wote wananiletea wa zipu.

Nuru_Sinza

Hongera shoga! Kwa zigizaga utakuja kwangu.

Chumvi_Kigamboni

Usiseme mguu unaotembea, hawalijui jina hilo. Waonyeshe picha kwenye simu, na ubebe mguu wako wa sasa walinganishe urefu wa shina. Wangu niliupata ukiwa umelala chini ya maboksi ya mikasi, mwenye duka hajui ni wa nini.

FundiMzee, Ilala

Na hilo kanyagio lifunge kamba mtoto akiwa macho. Vidole vinaingia kwenye gurudumu la chini.