Tunaugua pamoja ndani ya feri moja, halafu mwajiri anatuambia kila mtu ajitibu kivyake

Ndugu zangu mnaoishi na kufanya kazi kandokando ya ziwa, naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya, kwa sababu jambo lenyewe limefunikwa kwa majibu mafupi muda mrefu mno. Mimi ni baharia wa sitaha katika feri ya abiria inayofanya kazi ndani ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Jina la feri na la mmiliki wake sitayataja, kwa kuwa bado nakula kwa jasho hilo hilo. Anayeipanda kila wiki ataitambua kwa harufu ya choo chake.

Msimu huu wa mvua zaidi ya nusu ya wahudumu wa feri yetu tuliugua kuhara na kutapika ndani ya kipindi kifupi sana. Alianza fundi wa injini, akafuata mkata tiketi, kisha yule kijana anayetupikia chai na uji, na baada ya hapo hatukuweza tena kusema nani amemwambukiza nani. Feri haikusimama. Nahodha, ambaye ni mtu mwema na ninamheshimu, alipiga simu ofisini kuomba tufunge walau kwa siku moja, chombo kisafishwe na tangi la maji limwagwe, akajibiwa kwamba abiria wamejaa gatini na kwamba asiyejisikia vizuri abaki nyumbani, ila ahesabu siku hiyo kuwa haina malipo. Kwa hiyo mwenzetu mmoja alisimama kwenye kamba za kufungia feri akiwa na chupa ya maji ya chumvi na sukari mkononi, akiinywa kati ya gati na gati, miguu ikimtetemeka, na abiria wakidhani amelewa.

Wakubwa wetu wanapenda kusema kwamba tumeambukizwa na samaki tunaowala kwenye vibanda vya gatini. Huenda mmoja wetu aliambukizwa huko. Lakini vibanda havikuwalaza watu wanane katika chumba kimoja kisicho na dirisha ili wawe tayari kwa safari ya alfajiri, wala havikutupa choo kimoja tunachogawana na abiria wote, kisicho na sabuni tangu sikumbuki lini. Maji ya kunawia, ya kupigia deki na ya kuoshea vikombe yanavutwa moja kwa moja kutoka ziwani kwa pampu, na bomba la kutolea uchafu wa choo liko ubavu ule ule wa feri, hatua chache tu kutoka mahali pampu inaponyonya. Tukiwa tumefunga gatini usiku kucha, tunajinywesha wenyewe kile tulichokitoa. Kila anayeijua ghuba hii anajua pia kwamba ina kina kifupi na imeunganishwa na ziwa kuu kwa mlango mwembamba wa Rusinga, kwa hiyo maji yake hayabadiliki upesi, na mvua za masika zikinyesha, maji machafu ya miji na vijiji vyote huishia humo. Dawa ya klorini ya kutibu tangi zima ni rahisi kuliko mafuta ya safari moja. Tumeiomba mara nyingi, tukaambiwa iko kwenye bajeti.

Linaloniudhi kuliko yote ni kwamba mpaka leo hakuna anayejua tuliugua nini. Kila mmoja wetu alikwenda kutibiwa kwao: mmoja Mbita, mwingine Bondo, wawili hapa Kisumu, na mimi nikanunua vidonge dukani. Kwa daktari wa Bondo alikuwa mgonjwa mmoja wa kuharisha; kwa daktari wa Mbita, vivyo hivyo. Hakuna aliyeona kwamba hawa ni watu wanaolala chumba kimoja na kunywea kikombe kimoja, hakuna aliyepima kinyesi, na mwajiri, ambaye peke yake alikuwa na orodha yetu yote mezani, alinyamaza. Kipindupindu kinaweza kumshika mtu saa chache tu baada ya kuambukizwa au kikachelewa mpaka siku 5, na wengi wanaokibeba hawaonyeshi dalili yoyote ilhali vijidudu vinatoka katika kinyesi chao kwa siku kadhaa. Sisemi kwamba kilikuwa kipindupindu. Nasema kwamba kama kingekuwa, tungekivusha kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, kwa mikono iliyopokea nauli, kubeba watoto na kugawa maboya. (Ni kweli wengi sasa hulipa nauli kwa simu, lakini mtoto habebwi kwa simu.) Sheria ya Afya ya Umma inautaja ugonjwa huo miongoni mwa ile ambayo lazima itolewe taarifa, na afisa wa afya ya umma hawezi kufuatilia jambo ambalo hakuambiwa.

Sasa nije kwenye malipo, kwa maana hapo ndipo maradhi yanapoenezwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi aliyekwisha kutumikia miezi 2 mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Mwajiri wetu anajibu kwamba sisi ni vibarua. Vibarua gani wenye zamu zilizopangwa, wenye sare na wenye kukatwa pesa wakivunja kikombe, ambao wengine wamefunga na kufungua kamba hizo hizo tangu kabla meneja wa sasa hajaajiriwa? Sheria hiyo hiyo inasema kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, ajira yake inahesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi. Mtu anayejua kwamba siku ya kulala kitandani ni siku ya watoto kulala njaa atakuja kazini hata akiwa na homa, na ukimweka jikoni atapika. Tangazo la usafi lililobandikwa mlangoni mwa ofisi baada ya mkasa huu, linalotuamuru tunawe mikono, ni matusi.

Kuhara kunaonekana, kuna mengine yasiyoonekana. Magugu maji yanapoziba tundu la maji ya kupozea injini au kujizungusha kwenye rafadha inayosukuma feri, ni sisi tunaotumwa kuingia majini kuyang'oa kwa mikono, mara nyingi jua likiwa kali, bila mabuti marefu wala glavu. Konokono wanaobeba kichocho huishi kwenye majani hayo, na vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini kesho yake. Wazee wetu wa kazi hii wanazeeka na matumbo yaliyovimba na damu katika choo, na hakuna aliyewahi kuyaita hayo maradhi ya kazini.

Kuna waliotwambia twende na mkataba wa kimataifa, Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Ni mkataba mzuri kwa baharia wa Mombasa anayekwenda bahari kuu: mwenye meli humtibu akiugua akiwa kazini na kumlipa ujira wake, na hata sheria ya nchi ikiweka kikomo, hakiruhusiwi kuwa chini ya wiki 16. Tatizo ni kwamba mkataba wenyewe umeviacha nje vyombo vinavyosafiri katika maji ya bara pekee. Meli za kitalii zinazoelekea bandari za Marekani hulazimika kutoa taarifa maalumu mara abiria au wahudumu wanaoharisha wanapofikia asilimia 2. Sisi tulipita nusu, na taarifa iliyoandikwa ilikuwa ya mapato ya juma. Hata hivyo, kutokuwemo katika mkataba huo hakumfanyi mwajiri awe huru. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri aweke maji safi ya kunywa na vyoo vinavyofaa, na penye wafanyakazi 20 au zaidi iundwe kamati ya usalama na afya. Tukihesabiwa pamoja na wa gatini na wa karakana, tunapita idadi hiyo. Kamati hatujawahi kuiona.

Tunachodai kimeandikwa katika barua ambayo wenzangu kadhaa wamekubali kuitia sahihi: bomba la choo lihamishwe na tangi litiwe klorini, wahudumu wawili wakiugua kwa dalili zinazofanana, afisa wa afya aitwe siku hiyo hiyo na vipimo vichukuliwe, mgonjwa alipwe na asirudi jikoni mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe, na kazi ya magugu ipewe vifaa vyake. Wengine bado wanaogopa, nami siwalaumu, kwa sababu vijana wanaotafuta kazi wamejaa gatini.

Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kupeleka jambo la namna hii kwa afisa wa kazi hapa Kisumu au Homa Bay. Je, barua ya pamoja inapokelewa, au kila mtu lazima afungue lalamiko lake? Na mtu akisimamishwa kazi kwa kutia sahihi, ni ushahidi gani anaopaswa kuwa ameuweka mapema: ratiba za zamu, jumbe za meneja kwenye simu, au vyote viwili?