Mama 55, mjomba 25: "kutu" ya moyo ni ileile?

NyarKano: Hamjambo wote. Mimi nauza omena Kibuye, mambo ya hospitali siyajui, mnivumilie. Mama na mjomba wangu ni tumbo moja, na wote wameambiwa moyo umeshindwa kazi. Mjomba yuko Nakuru, eko yake, ile picha ya kupima moyo, ilisoma asilimia 25. Ya mama ilisoma 55, na daktari akasema unasukuma vizuri. Vizuri gani? Mama analalia mito mitatu, na jioni ukimbonyeza juu ya kifundo cha mguu, shimo la kidole linabaki pale mpaka umalize kumenya kitunguu.

Sasa kuna kijana ana chupa za vitamini E, shilingi 3,500. Anasema mioyo yote miwili imeshika kutu kama bati, tembe zake zinaisugua. Mjomba ameshanunua mbili. Mama anasubiri neno langu. Kutu ipo kweli?

MuuguziMstaafu: Dada, kijana ameokota nusu ya ukweli akaipandishia bei. Mwili hutengeneza chembe kali za oksijeni kila siku, hata wewe ukibeba debe la omena. Zikizidi uwezo wa mwili kuzituliza, zinaharibu; hiyo ndiyo "kutu" yake. Wagonjwa wa moyo wa aina zote mbili wanazo, ila hazianzii mahali pamoja.

Kwa mjomba, 25 maana yake kila pigo linatoa robo tu ya damu iliyojaa chumba cha kushoto. Pale chembe hizo zinatoka sana ndani ya seli za msuli wenyewe, kwenye mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, na seli zinakufa. Kwa mama, 55 ni namba ya kawaida. Shida ni kujaa: msuli umekakamaa, haulegei. Je, ana presha au sukari? Hayo, pamoja na unene, huchokoza utando wa mishipa midogo ya moyo. Chembe zinamaliza nitriki oksaidi, ambayo ndiyo huuambia msuli ulegee. Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika na wengi, ingawa utafiti unaendelea.

Vitamini E ilishajaribiwa. Utafiti wa HOPE ulitumia uniti 400 kwa siku kwa watu zaidi ya 9,000 wenye hatari ya moyo. Haikuwakinga, na matokeo ya ufuatiliaji ya 2005 yalionyesha waliokunywa walipata moyo kushindwa zaidi kidogo. Mjomba anatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda? Basi aiweke chupa chini leo, inaweza kuzidisha kutokwa damu.

BabaWawili_Nakuru: Mke wangu ni kama mama yako, eko yake ilisoma 58. Kliniki walimwongezea dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya sukari. Majaribio ya 2019 yaliisifu kwa mioyo dhaifu, ya 2022 kwa hii mikakamavu. Bei inauma, lakini ulizeni. Hiyo 3,500 ingesaidia.

NyarKano: Sukari anayo mwaka wa tisa, na presha pia. Nimempigia mjomba: warfarini anatumia, na kijana hakumuuliza hata siku moja. Pesa harudishi, eti chupa imefunguliwa. Mama nimemwambia hatununui. Amecheka, akasema basi nimnunulie mto wa nne, mitatu haitoshi tangu Jumapili.

MuuguziMstaafu: Wa nne? Dada, hiyo ni dalili hali inazidi, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke kesho asubuhi, na ubebe karatasi ya eko.