Mjadala: Mitchell au Marauder, ipi ilikuwa ndege bora zaidi ya mabomu ya daraja la kati?

Wakuu, kuna hoja inayorudi kila vita ya pili ya dunia inapozungumzwa: kwamba kati ya ndege mbili za Marekani za mabomu za daraja la kati, B-26 Marauder ilikuwa bora kuliko B-25 Mitchell, kwa kuwa kule Ulaya ilidunguliwa mara chache mno. Naipinga. Takwimu yenyewe ni ya kweli, hasara ilikuwa chini ya asilimia moja ya safari, lakini hesabu hiyo inaanzia katikati.

Marauder iliagizwa ikiwa bado mchoro tu. Kiwanda cha Martin, Baltimore, hakikutengeneza kwanza ndege ya majaribio. Ile ya kwanza kuruka, Novemba 1940, tayari ilikuwa ya kundi la kupelekwa jeshini. Ilikuwa na mbio, injini zake zilikuwa na nguvu kuliko za Mitchell, ila mbawa zilikuwa fupi kwa uzito ule. Wakati wa kutua rubani alilazimika kuifikia njia kwa karibu maili 150 kwa saa. Akipunguza mwendo kidogo tu, inaanguka.

Na pembe ya pangaboi zake ilirekebishwa kwa umeme. Mafundi wakiitumia betri ya ndege kwa matengenezo chini hadi ikaisha nguvu, pangaboi lilishindwa kushika pembe yake wakati wa kupaa, injini ikazunguka kupita kiasi, na hapo kijana aliyemaliza mafunzo juzi anabaki na injini moja, ndege imejaa mafuta, ardhi iko pale pale. Katika uwanja wa MacDill, Florida, wanajeshi walikuwa na msemo kwamba kila siku moja inazama kwenye ghuba ya Tampa. Wakaiita Mfanya Wajane. Hadi kamati ya Seneta Harry Truman, iliyochunguza matumizi ya kijeshi, iliingilia kati, na mbawa zikarefushwa kutoka futi 65 hadi 71.

Vijana hao hawamo katika ile asilimia. Walikufa nyumbani kwao, kabla ya kumwona adui. Mimi nawahesabu.

Kisha kuna tarehe 17 Mei 1943. Marauder 11 ziliondoka Uingereza kwenda Uholanzi, zikiruka chini chini. Moja iligeuza kwa hitilafu. Kumi zilizoendelea hazikurudi hata moja. Baada ya hapo mbinu ikabadilishwa: zikapanda juu, futi elfu kumi na zaidi, zikisindikizwa na ndege za kivita, na kadiri miezi ilivyokwenda jeshi la anga la Wajerumani likazidi kudhoofika. Ndipo ile takwimu nzuri ikapatikana. Kazi ya Utah, mmoja wa fukwe za Normandy, Ufaransa, ambako majeshi ya Washirika yalitua tarehe 6 Juni 1944, siikatai: zilishuka chini ya mawingu, zikapiga ngome za ufukweni kwa usahihi ambao ndege kubwa za mabomu hazikuupata kule Omaha, ufukwe wa jirani.

Sasa Mitchell. James Doolittle, ofisa wa jeshi la anga la Marekani, alipotafuta ndege ya kuishambulia Japani kutoka manowari ya kubeba ndege, Marauder ilifikiriwa ikaachwa, kwa sababu ilihitaji njia ndefu ya kupaa. Tarehe 18 Aprili 1942 Mitchell 16 zilipaa kutoka manowari hiyo, Hornet, zote 16, na marubani wake hawakuwa wamewahi kupaa na ndege hiyo kutoka melini.

Lakini kwangu hoja nzito zaidi ni Bahari ya Bismarck, karibu na New Guinea, Machi 1943, msafara wa meli za Wajapani uliposhambuliwa. Kule Australia, ofisa Mmarekani Paul Gunn na mafundi wake walikuwa wameng'oa kiti cha mlenga mabomu puani, wakafunga bunduki nzito za rashasha zinazopiga mbele. Mitchell zikaja usawa wa mlingoti, rashasha zikisafisha sitaha, kisha bomu likaachiwa likadunda juu ya maji hadi ubavuni mwa meli, fyuzi, yaani kilipushi cha bomu, ikichelewa sekunde chache ili ndege ipite. Zikishirikiana na ndege nyingine, meli zote nane za mizigo zilizama pamoja na manowari nne. Ndege inayokubali kugeuzwa hivyo uwanjani, na bado rubani wa kawaida akaimudu, ina ubora usioonekana kwenye jedwali la kasi.

Na tusisahau Burma. Mwaka 1944, keya wetu, yaani askari wa Afrika Mashariki wa KAR (King's African Rifles), walipokuwa wakipigana na Wajapani bonde la Kabaw, kikosi cha Mitchell kilikuwa kikivunja madaraja ya reli yaliyolilisha jeshi hilo hilo la Wajapani.

Mosquito, ndege ya mabomu ya Waingereza, tuiache kwanza, ile inastahili mjadala wake.

Wanaoitetea Marauder, nijibuni mawili. Waliokufa mafunzoni mnawaweka wapi katika hesabu yenu? Na kama, mnavyodai, tatizo lilikuwa mafunzo peke yake, mbawa zilirefushwa kwa nini?