Nimeishinda serikali mahakamani, mbona bado silipwi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Kazi niliifanya. Mitaro ilichimbwa, mabomba yakalazwa, maji yakafunguliwa. Mhandisi wa serikali alitembea njia nzima kwa miguu, akainama kila kwenye maungio kupapasa kama kuna unyevu, kisha akasaini cheti cha kukamilika kwa kazi mbele yangu. Ankara ikapokelewa, ikagongwa muhuri. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Nikaenda mahakamani. Miaka mitatu ya kupangiwa tarehe, leo wakili wao ana udhuru, kesho jalada halionekani. Mwisho jaji akasoma hukumu: nilipwe deni lote, riba na gharama za kesi. Hata rufaa hawakukata. Siku ile niliwapigia simu vijana wangu wote walionidai mishahara nikawaambia mambo yamekwisha.

Nilimuuliza wakili wangu lini dalali wa mahakama atakwenda kukamata mali. Akavua miwani, akaniambia taratibu kama mtu anayetoa habari ya msiba: mali ya serikali haikamatwi. Si gari, si samani, si fedha za benki. Yaani mimi nikishindwa kumlipa fundi wangu, dalali anakuja kubeba hadi kochi nililokalia. Serikali ikishindwa kunilipa mimi, natakiwa niandike barua ya kukumbushia!

Nimekaa nikazisoma hizi sheria mwenyewe. Mzizi wake ni Uingereza, sheria ya mwaka 1947 iliyoruhusu watu kuishtaki serikali lakini ikaziba mlango wa kukazia hukumu, yaani kukamata mali yake ili ilipe. Makoloni yakarithi maneno yaleyale. Kenya ni kifungu cha 21(4) cha sheria yao ya mashauri dhidi ya serikali, na Uganda na Tanzania wanazo za ukoo huohuo. Kwa Kenya, mshindi wa kesi anapewa hati ya amri, anaipeleka wizarani, akipuuzwa anarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa masuuli, yaani ofisa anayewajibika kwa fedha za wizara, alipe, akipuuzwa tena anafungua shauri la kudharau mahakama. Ushindi mmoja, kesi tatu. Na kila kesi wakili anataka chake.

Kinachoniuma zaidi ni kodi. Kodi ya ongezeko la thamani nilidaiwa tangu nilipotoa ankara, siyo tangu nilipolipwa. Nikailipa kwa mkopo wa benki. Serikali ileile iliyoshikilia fedha yangu ilinitaka niitolee kodi ya fedha ambayo sijaiona, na nilipochelewa ikanitoza adhabu. Watu wa kodi hawahitaji hukumu ya jaji kufunga akaunti yangu, barua yao moja kwa benki inatosha. Mimi nina hukumu, ina muhuri, ina saini ya jaji, na siwezi kugusa hata baiskeli ya tarishi wao.

Halafu mtu anasema ndivyo serikali zilivyo duniani kote. Si kweli. Afrika Kusini walikuwa na kizuizi hikihiki katika sheria ya mwaka 1957. Tarehe 2 Juni 2008 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Nyathi, ikasema kizuizi kile kinakwenda kinyume cha katiba. Bunge likarekebisha sheria mwaka 2011: hukumu ikishakuwa ya mwisho idara ina siku 30 kulipa, isipolipa hazina inapewa notisi na siku 14, ikikaa kimya mali zinazohamishika za idara zinakamatwa. Marekani wana mfuko maalumu wa kulipia hukumu dhidi ya serikali kuu tangu mwaka 1956, hivyo mshindi hasubiri bunge lipitishe bajeti kwa ajili yake. Ulaya ndiyo imefika mbali: taasisi ya umma inatakiwa kulipa ankara ndani ya siku 30, au 60 kwa hali za pekee, na tarehe 28 Januari 2020 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaitia Italia hatiani kwa sababu taasisi zake zilikuwa hazitimizi muda huo. Na mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, ilishasema tangu 1997, kesi ya Hornsby dhidi ya Ugiriki, kwamba kutekeleza hukumu ni sehemu ya kesi yenyewe. Mtu hajapata haki yake kwa kusomewa karatasi.

Najua hoja yao: tukiruhusu ukamataji, kesho dalali ataondoka na gari la wagonjwa. Basi litoeni gari la wagonjwa kwenye orodha! Toeni vitanda vya hospitali, toeni madawati. Afrika Kusini hata mali ikishakamatwa serikali inaweza kuiomba mahakama isitishe mauzo kwa sababu za haki. Hakuna aliyeomba kuuza vitanda. Tunaomba deni lililothibitishwa na jaji liingie kwenye bajeti inayofuata, na aliyelikalia aulizwe. Maana riba inakua kila siku, na haitoki mfukoni kwake. Inatoka kwa mlipakodi, na mimi nimo.

Wiki iliyopita nilikwenda tena ofisi ya uhasibu. Mama mmoja mstaarabu akafungua droo, akatoa jalada langu, limenenepa hadi limefungwa kwa kamba. Akafunua hukumu, ukurasa wa kwanza una alama ya duara ya kikombe cha chai. Akasema, "Baba, hili letu lipo, ila fungu halijaja." Sikumgombeza, hana kosa. Nilitoka nikakaa ndani ya gari dakika nyingi bila kuwasha injini.

Wanasheria na wakandarasi mliomo humu, nisaidieni kwa hili: aliyewahi kuomba amri ya kumlazimisha afisa masuuli alipe, ilimchukua muda gani tangu kuomba hadi fedha kuingia? Na yupo aliyefika hatua ya afisa kuitwa kizimbani kwa kudharau mahakama, akalipwa? Benki imenipa hadi mwisho wa mwezi kabla ya kuinadi nyumba.