Wakuu, seramiki kwenye vichwa vya pistoni za dizeli: nipake au niache?

Kiu_ya_Dizeli: Naombeni ushauri. Injini ni ya dizeli, ina turbo, pistoni za alumini. Nafikiria kupaka zirkonia, aina ya seramiki, kichwani ili joto lisizame kwenye pistoni. Itanifaa? Usingizi umenipaa.

MzeeNozeli: Pima nozeli kwanza. Yangu ilichuruzisha dizeli badala ya kuinyunyiza, pistoni ikatoboka. Seramiki isingeiokoa.

BintiSpana: Mzee, hajauliza nozeli. Mleta uzi, joto ukilizuia kwenye pistoni, sehemu kubwa hutoka na moshi. Miaka ya 1980 Cummins na jeshi la Marekani walijaribu lori lisilo na rejeta kwa wazo hilohilo. Malori ya leo bado yana rejeta. Unene utakuwa kiasi gani, na chini yake linatangulia tabaka gani?

Kiu_ya_Dizeli: Nusu milimita. Chini hakuna kitu, walipiga mchanga tu wakanyunyiza.

Kibiriti: "Walinyunyiza"? Kumbe zimeshapakwa!

Kiu_ya_Dizeli: Ndiyo, na zimeshafungwa. Injini imeshanguruma kwa muda wa saa 9. Lakini fundi alinihakikishia, na gasketi nilikuwa nimeshanunua, ningesubiri nini?

Mwadilifu: Ushauri huombwa kabla, ndugu yangu.

Kibiriti: Maiti kaburini, sisi tunaulizwa dawa.

Ringi_Tatu: Hii chai. Asubuhi "anafikiria", jioni injini ina saa 9 za kunguruma.

Kiu_ya_Dizeli: Si chai, mkuu. Niliona aibu kusema. Leo nimepitisha kamera kwenye tundu la nozeli, silinda ya 3. Kuna baka kama ukucha wa kidole gumba: kingo nyeupe kama ganda la yai, katikati alumini tupu inang'aa.

BintiSpana: Nakuamini. Lingekuwapo tabaka la kushikiza, lile la nikeli, kromiamu na alumini, ungeona kijivu kilichofifia, chenye chengachenga. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya zirkonia, kwa hiyo kila ukiwasha na kuzima, ganda linavutwa. Usiwashe tena. Kigamba kikiingia kwenye ringi kinakwangua silinda. Kikitoka na moshi kinakutana na mapanga ya turbo.

Kiu_ya_Dizeli: Nilitaka imalize wiki hii tu…

BintiSpana: Hata dakika moja, hapana.

MzeeNozeli: Fungua hedi leo, mwanangu. Na nozeli ya 3 ipimwe, maana ganda limeanzia hapo.

Kiu_ya_Dizeli: Sawa, mzee. Namwaga maji ya rejeta sasa hivi.